Mteremko wa njia ya Gulwe

Jumanne

Bosi hakuwa na ubaya. Alinipa pole, akaniruhusu nichukue Land Rover ya ofisi nimtoe mama hospitali nimpeleke Gulwe akazikwe, halafu akanikumbusha, “Usizidi sitini, mafuta yatoshe kwenda na kurudi.” Zamani dizeli tuliipangia foleni. Siku hizi imejaa kila kituo, ofisi ndiyo haina kitu.

Nikaendesha kama ninavyoendesha siku zote. Nyuma kulikuwa na jeneza, na shangazi na akina mama wa kanisani wamelizunguka wakiimba. Mimi macho yalikuwa kwenye mshale wa mafuta. Sikumfikiria mama. Nilifikiria gia.

Kwenye ule mteremko mrefu nikaweka frii, nikazima injini, kama kawaida yetu madereva wa ofisini tukibana mafuta. Gari likashuka kimya. Nyuma wakaacha kuimba, mmoja mmoja, zikabaki kusikika kokoto chini ya matairi mpaka nilipowasha tena.

Tulipomaliza kuzika, shangazi alinishika mkono.

“Umemsindikiza wifi yangu kwa heshima, baba. Ulipozima gari pale mteremkoni, wote tulijua umezidiwa na uchungu.”

“Asante, shangazi,” nikasema.

Nimerudi nyumbani Nzuguni na dizeli imebaki. Bosi atafurahi. Gari nimeshaliosha, nimeshaoga, nimekaa kitandani, nasubiri nizidiwe.