Mwalimu Bado Anagonga Meza

Nyumba ya kona, nyuma ya duka la vitambaa
Jumapili alasiri

Mpendwa Shangazi,

Miwani. Kumbe siku zote zile baba mkwe alikuwa anaulizia miwani yake. Simu ilikatika mara tu uliponiambia, nami nikabaki nimeikandamiza sikioni, mdomo wazi, mume wangu ananitikisa bega aambiwe umesema nini.

Ngoja kwanza. Nimeanza kama mwehu, hata salamu sijatoa. Shikamoo, Shangazi yangu. U hali gani? Goti je, bado linakusumbua ukipanda ngazi za duka lako la viatu? Mimi ni mzima, tena mzima wa kupitiliza, maana ndoa imenikubali. Mume wangu akipiga pasi shati lake hawezi kuacha kupiga na blauzi yangu, na akitoka kwenda kazini hurudi mlangoni eti kasahau funguo, kumbe anataka kuniaga mara ya pili. Usicheke. Nawe ulikuwa bibi harusi.

Uliniomba nikueleze yote kwa barua, kwa kuwa simu humeza maneno. Basi kaa kitako.

Baba mkwe wangu unamjua kwa sifa tu, maana harusini hukuweza kufika. Hapa mtaani hakuna anayemwita kwa jina, ni Mwalimu tu. Alikuja nchi hii akiwa mtoto, ameketishwa juu ya magodoro nyuma ya lori, wazazi wake wakifuata kazi ya kiwandani. Shuleni kila akifungua kinywa darasa zima linaangua kicheko. Akaapa kwamba iko siku hao hao watamfuata yeye kumwuliza lipi ni sahihi. Na ikawa. Alifundisha lugha yetu mpaka akastaafu, na jioni akawafundisha bure wageni wenzake pale sebuleni: mafundi cherehani, madereva, yaya, wanawake waliowafuata waume.

Njia yake ni ya kikapu. Hatafsiri hata neno moja. Anatoa kitu kikapuni, kijiko, ndala, kitunguu, anakitaja, nawe unarudia. Ukikosea anagonga meza mara moja kwa kifundo cha kidole: rudia. Ukipatia anagonga mara mbili, na uso wake unachanua kana kwamba umemzawadia ng'ombe. Siku mume wangu aliponipeleka kutambulishwa, mzee alinisikiliza nikijieleza, kisha akagonga meza mara mbili. Ndivyo tulivyojua kwamba nimekubaliwa.

Lakini lugha ya kwao haikuruhusiwa kuvuka kizingiti cha nyumba yake. Hakutaka wanawe wachekwe kama alivyochekwa. Wazazi wake walipofariki, kila mtu alidhani imezikwa nao.

Sasa sikiliza, Shangazi. Rangi ya kucha za harusi ilikuwa haijabanduka vidoleni mwangu mzee alipoanguka bafuni. Kiharusi. Alipozinduka hospitali, mkono wa kulia umelegea, macho maangavu kabisa, na kinywani yanamtoka maneno ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyaelewa. Tulitazamana. Mtu aliyefundisha nusu ya mji huu kusema, hana hata neno letu moja. Daktari mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake, alisimama pale mbele yake mikono nyuma kama anayesubiri kuulizwa swali.

Na hapo familia hii ikafanya kosa ambalo hakuna familia nyingine ingelifanya. Walilelewa kwa kusahihishwa, basi wakaanza kumsahihisha. Wifi yangu, ambaye naye ni mwalimu, alileta kijiko akakishika mbele ya uso wake.

“Baba, sema kijiko.”

Mzee akasema neno lake.

“Hapana, Baba. Rudia.” Na bila kufikiri akagonga ukingo wa kitanda. Mara moja.

Sijawahi kuona uso ukizimika namna ile. Alimwangalia binti yake, kisha akageukia ukutani, na tangu hapo supu ikawa inarudi ilivyokwenda. Wifi akatoka nje akasema akili ya Baba imekwisha, heri tumtafutie nafasi kwenye nyumba wanakotunzwa waliorukwa na akili. Mume wangu aliitikia, kisha akaenda kujifungia msalani akafungulia bomba ili tusimsikie analia. Nilimsikia. Moyo wangu ulikatika vipande.

Ndipo nilipokukumbuka wewe. Yale maneno ya mzee yalikuwa na mwendo fulani niliouzoea, na nilishindwa kujua nimeuzoea wapi, mpaka likanijia: ni wewe, unapogombana na wateja wako na simu umeisahau hewani! Nchi ulikoolewa ndiko alikotoka yeye, basi ile ilikuwa lugha ya kwao! Nikakupigia, nikamwekea simu sikioni, na yaliyofuata unayajua. Lakini hukuuona uso wake ulipomsalimia. Alitulia kama maji ya mtungi. Machozi yakamshuka mpaka shingoni, halafu akamwaga maneno, na wewe ukawa unacheka, nami nilitaka kukulaumu, unachekaje na mgonjwa? Kumbe alikuwa anakuchekesha.

Nilirudia uliyosema, neno kwa neno, mbele yao wote: “Huyu ana akili timamu, mwanangu. Anaulizia miwani yake, na anataka kujua kwa nini watoto aliowasomesha wanamfundisha kama kasuku.”

Wifi alipiga magoti, akaitoa miwani kwenye droo, akamvisha. Mama mkwe alikaa kwenye benchi la ukumbini ameshika tama. Akaniambia: “Nimekula naye, nimezaa naye, kumbe kuna chumba ndani yake hajawahi kunifungulia.”

Habari ya kumpeleka kokote ikafa papo hapo. Yuko nyumbani. Siku ya kwanza nilichukua kikapu chake, nikaketi kwenye kiti cha mwanafunzi, nikainua kijiko na kunyamaza. Akanitazama sana. Akasema neno la kwao. Nikarudia. Mkono wa kushoto ukainuka taratibu, ukagonga meza mara moja. Nikarudia tena na tena, mpaka akagonga mara mbili. Shangazi, nilimkumbatia mzee wa watu bila hata adabu ya ukwe.

Sasa darasa limejaa. Mama mkwe analalamika kwamba mimi niliyeolewa juzi nimeshavuka kitunguu, na yeye na ukongwe wake bado amekwama kwenye ndala. Mzee akicheka upande mmoja wa mdomo, anamgongea moja tu, hana upendeleo. Mimi na mume wangu tunabanana benchi moja kama wanafunzi wa dawati, na nakwambia, nimempenda upya. Ila daktari anasema lugha yetu huenda ikamrudia, huenda isimrudie. Bado kila asubuhi naamka nimeduwaa.

Limebaki jambo moja. Wifi anatafuta neno la kuomba radhi, na kikapuni hamna kitu unachoweza kukiinua ili Baba akutajie neno hilo. Usimwandikie. Hataki kulisoma wala kulisikia kwenye simu. Anataka akae mbele ya baba yake, nawe uwe pembeni umsahihishe.

Nisalimie mzee wako, binti zako wote wawili, na yule bibi jirani yako anayekopa viatu akarudisha vimepanuka. Mungu akulinde, akupe riziki na goti jipya.

Daktari ameruhusu safari, tiketi mume wangu anafuatilia kesho. Tunakuja kwako sote watano, Baba mbele, arudi alikotolewa juu ya magodoro. Kabla mwezi huu haujaisha, ukisikia mlango wako umegongwa mara mbili, usiulize nani. Fungua.

Ni mimi mwanao, bibi harusi wako uliyemkosa harusini, nami nakupenda vile vile.