Ule Mngurumo Uliousikia Kwenye Simu

Nyumbani, chumba cha mbele,
9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu za kaka yako. Natumaini hujambo, shemeji hajambo, na goti lako limepunguza kelele. Huku wifi yako ni mzima. Kuhusu afya yangu, nimezoea kujibu "sijambo" kabla hujamaliza kuuliza. Leo niache nijibu polepole.

Kila ukipiga simu huwa unasema, "Haya kaka, weka mkononi nisikie." Nami naiweka simu juu ya mshipa ambao madaktari waliuunganisha kwa ajili ya kusafishia damu tangu figo zangu zigome, nawe unasikia damu ikinguruma, unacheka: "Gari bado linawaka!" Kisha tunaingia kwenye umbea.

Mkono huo ulianza kuvimba mwaka jana. Kabla mshipa huo wa mkononi haujakomaa vya kutosha kuchomwa sindano, nilikuwa nasafishwa damu kwa mpira uliopitishwa shingoni, na mpira ule uliacha kovu ndani ya mshipa mkubwa wa kifuani, ule unaorudisha damu kwenye moyo. Mshipa ukabana. Damu ya mkononi inakuja kwa kasi, inakuta njia imezibwa, inajaa nyuma. Daktari aliutanua kwa puto dogo. Ukasinyaa. Akautanua tena, ukasinyaa tena.

Wifi yako alikuwa akiongeza vipande vya kitambaa kwenye mikono ya kushoto ya mashati yangu bila kunisemesha. Siku moja fundi viatu wa jirani akaniuliza, "Mzee, humo umeficha mtoto?" Nilicheka hadi nikakohoa. Baadaye uso nao ulivimba, nikawa naamka macho hayafunguki.

Mwishowe ngozi ilianza kupasuka, wakaufunga ule mshipa wa mkononi. Uvimbe umeshuka. Lakini mkono umenyamaza, Chiriku. Nikiuweka sikioni sisikii kitu.

Upande wa kulia nao umebana vilevile. Sasa mpira uko pajani, na paja limeanza kutoa usaha. Juzi daktari alivuta kiti akakaa. Daktari akikaa, ujue. "Mzee wangu, sina tena pa kuingilia." Nikamwambia, "Jaribu dirishani, mwanangu." Hakucheka.

Sasa hili ndilo ninalotaka kuungama. Ulipopiga mara ya mwisho ukaomba kusikia, mkono ulikuwa umeshafungwa. Nilijikongoja hadi jikoni nikaibandika simu kwenye ubavu wa friji. Ukasikiliza. Ukafurahi: "Leo linawaka kuliko siku zote! Basi kaka, nitakuja mwakani, binti yangu akishajifungua. Wewe huna haraka." Wifi yako alikuwa amesimama pale na sufuria. Alinitazama, kisha akamwaga maji safi aliyotoka kuyachota.

Nilitaka tu kukusikia ukicheka. Sikufikiri kwamba kicheko hicho kingekufanya uahirishe safari, na ulipoiahirisha nilikosa ujasiri wa kukurudisha.

Mwakani sitakuwepo. Sikutishi. Hata barua hii sijui itakufikia nikiwa na sauti au la. Nimeandika kwa sababu najijua: ukiniomba tena kwenye simu, nitarudi kwenye friji. Ukiweza, njoo sasa. Ukishindwa, usijilaumu, ulimwamini kaka yako, naye ndiye aliyekudanganya. Na ukipiga kabla ya kufika, usiombe kusikia mkono. Omba kunisikia mimi.

Nisalimie shemeji, na mpwa wangu pamoja na tumbo lake. Mwambie nilitamani kumwona huyo mgeni. Mungu awatunze wote, na akufungulie njia iliyo wazi kuliko zangu.

Wifi yako anakusalimu. Sijamwambia ninaandika nini, lakini tangu asubuhi ametandika kitanda cha wageni.

Ni mimi, nikupendaye tangu ukiwa mgongoni kwa mama,
Kaka yako