Mishikaki ya Sista Mhispania

Shikamoo Baba,

Upepo wa Dodoma umenipasua midomo, lakini ninachotaka kukueleza ni mishikaki. Nyumba ya wageni niliyofikia hapa Area D inapakana na kwa sista mmoja mzee, Mhispania. Leo mchana alitualika wageni wote, akachoma mishikaki ya kwao, yenye bizari nyembamba, kitunguu saumu na pilipili nyekundu isiyowasha. Viungo hivyo siku hizi vimejaa madukani Chang'ombe ya hapa Dodoma. Harufu ilikuwa ya jikoni kwa mama kabisa. Akasema zamani watu wa kwao walifundishwa kuichoma na Waislamu wa Moroko.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo aliponiuliza jina. Nikamwambia, Hamisi. Akanipiga mkononi, mshikaki ukaangukia vumbini.

"Hiyo nguruwe, mwanangu."

Baba, hebu fikiria. Wamefundishwa na Waislamu, halafu wakatia nguruwe.

Kabla sijatulia, sista akarudi na jogoo na kisu kipya, bado kimo kwenye karatasi ya duka. "Chinja wewe, tule wote."

Mimi huyu, niliyekuwa nikijificha chooni kila Idi ukichinja. Lakini Mwislamu pale nilikuwa peke yangu, na wote walikuwa wananisubiri. Nikasema bismillah kama unavyoisema wewe, nikachinja. Tukala wote.

Mwambie mama asinicheke. Najua mkono wako siku hizi hauna nguvu. Idi hii usimwite jirani. Kisu niachie mimi.

Mwanao,
Hamisi