Chambo Kilichotambaa Maweni

Shemeji Delbert,

Huku milimani Ozark baridi bado haijatuacha, na yule mbwa wako uliyetuachia ametafuna kiatu changu cha kanisani. Najua kwa nini huji. Hata mimi niliogopa kumtazama kaka yako Harlan baada ya kiharusi, akiwa amekaa tu, hataki kujaribu kusema.

Jumamosi nilimpeleka bwawani kuvua, kwa nguvu. Nikamfungia chambo chake cha bandia, kile cha vibati vinavyozunguka, akakirusha kwa mkono wa kushoto, kikaangukia penye miamba. Unamjua Harlan: huvuta uzi mbiombio kama anayekimbizwa, nawe ulimpigia kelele miaka yote avute polepole. Safari hii mkono wa kulia, ule wa kiharusi, uligoma kwenda mbio. Chambo kikatambaa chini polepole, kikigonga jiwe baada ya jiwe, mara fimbo ya kuvulia ikapinda.

Nikaduwaa. Akanigeukia, mdomo umekwenda upande, akafoka: "Wavu, Verna! Unangoja mwaliko?"

Alikuwa samaki aina ya besi, mnene, shemeji, tumbo kama mtungi. Tukamrudisha majini, mimi nikilia.

Njoo Pasaka. Harlan amekaa hapa, ananiagiza: "Mwambie Del uzi unavutwa polepole. Nimegundua mwenyewe."

Shemeji yako,
Verna