Kopo Langu Kwenye Mikaratusi ya Mpemba

Jumamosi, jioni. Mawingu yametanda Tunduma tangu asubuhi na mvua haijanyesha. Nimekaa, nimesimama, nimefagia uwanja ambao niliufagia jana, nimerudi kukaa. Chai imepoa mezani. Ngoja niandike, labda miguu itatulia.

Kwa asiyenijua: mimi ni karani katika ofisi ya kugomboa mizigo hapa mpakani, na siku za mapumziko nina mchezo wangu, mchezo wa kusaka makopo. Mtu anachukua kopo la plastiki lenye mfuniko, anaweka ndani daftari dogo na mhuri aliouchonga mwenyewe, analificha kwenye bustani au msitu ambao kila mtu anaruhusiwa kuingia, kisha anatutumia maelekezo kwa simu. Hatua ishirini kutoka kwenye benchi lililovunjika, tazama nyuma ya jiwe jeupe. Ukilipata, unapiga mhuri wake kwenye daftari lako, unaandika jina lako na tarehe kwenye daftari lake, unalirudisha palepale. Hakuna zawadi. Aliyenifundisha ni dada yangu Mwaka, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi Nakonde, ng'ambo ya pili, upande wa Zambia. Mihuri tunaichonga kwa soli za kandambili zilizochakaa. Tuko watu saba tu pande zote mbili.

Halafu yuko Shaba, mbwa wangu. Nilimwokota akiwa mdogo kwenye maegesho ya malori, mwekundu kama ile shaba inayopita hapa kila siku kwenye malori. Nimemfundisha kunusa makopo. Akilipata anakaa kitako, anainua mguu mmoja wa mbele na kunitazama mpaka nimpe dagaa.

Asubuhi nilikuwa na wasiwasi usio na sababu, ule wa mtu aliyezoea honi na makaratasi akipewa siku tupu. Tukaenda kwenye bustani ndogo ya mjini. Kopo la dada Mwaka tulilipata upesi mno, nyuma ya mzizi, mhuri wake picha ya hindi la shambani. Hata saa nne haikuwa imefika. Mtu mwenye akili angerudi nyumbani kufua.

Mimi nikachukua bajaji kwenda Mpemba. Dereva alikubali mbwa kwa masharti kwamba nimpakate.

Kule, juu ya mashamba, kuna msitu mdogo wa mikaratusi ambako nilificha kopo langu mwenyewe mwezi uliopita. Nilitaka kubadilisha daftari kabla mvua hazijaanza. Tulipokaribia nikasikia watu wanaongea kwa sauti ya chini, wote kwa pamoja. Nikamshika Shaba kamba, nikasimama kando ya mti.

Walikuwa kama watu ishirini. Katikati yao, juu ya kisiki, lilikuwa kopo langu. Wazi.

Lazima niseme nilichokuwa nimeweka ndani. Mhuri wangu ni bundi. Nilichonga bundi kwa sababu ni macho mawili ya duara na mdomo, mkono wangu hauwezi zaidi ya hapo. Wino ni mwekundu, kwa kuwa ofisini ndio uliobaki. Na kila ukurasa wa daftari una jina la mtu, tarehe, na bundi mwekundu kando yake, kwa kuwa nilizipiga mhuri kurasa zote kabla ya kulificha kopo.

Nimezaliwa Mbozi, kwenye kahawa, katika nyumba ambayo bundi akilia juu ya paa bibi alikuwa anaamka kusali. Nilijua watu wanamhusisha bundi na uchawi. Nilichonga hivyo hivyo.

Mwanamume mmoja alikuwa ameshika daftari. Wenzake walimwita Baba Furaha. Niliposikia jina hilo nikaelewa, kwa sababu Furaha wa ofisini kwetu, mmoja wa wale saba, alilipata kopo lile na kuandika jina lake. Kwa maneno yao, Baba Furaha alikuwa na binti mdogo, Furaha pia, amelazwa hospitali tangu Jumatano kwa homa isiyoshuka, na walidhani ni yeye aliyeandikwa.

Mbele yao alisimama mama mmoja mwembamba, mzigo wa kuni miguuni. Mama Anyesi. Mjane, mgeni pale, kama nilivyoambiwa baadaye, ametoka Mbebe kule Ileje, na Kiswahili chake kina Kindali, lugha ya kwao, ndani yake. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa anamhoji, si kwa ukali.

"Mama, wewe ndiye unayepita humu kila siku. Hiki kitu ni cha nani?"

"Mimi naokota kuni, mwenyekiti. Kusoma sijui. Hayo majina ningeyaandikaje?"

"Uliandikiwa," akasema Baba Furaha.

Wanaume wawili walisogea wakasimama nyuma ya yule mama, upande wa njia.

Sasa naandika lile lililonifanya nifagie uwanja uliokuwa safi tayari.

Sikusema kitu.

Niliwaza: hawanijui. Niliwaza: ngoja watulie kwanza, nitaitafuta namba ya mwenyekiti nimweleze kwa simu nikiwa nyumbani. Nilijiambia kwamba nikitokea ghafla nitawachochea. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa nzuri. Mama Anyesi aliulizwa tena, akajibu vilevile. Akaulizwa mara ya tatu, safari hii na mtu mwingine, na akaanza kulia bila kupangusa machozi. Nikarudi nyuma hatua moja. Mguu wangu wenyewe ulifanya hivyo na mimi nikauacha.

Kwa kurudi nyuma nililegeza mkono ulioshika kamba.

Shaba akapita katikati ya miguu ya watu mpaka kwenye kisiki. Akalinusa kopo, akakaa kitako, akainua mguu wa mbele, akageuka kunitazama. Anasubiri dagaa wake. Watu wote wakafuata macho ya mbwa mpaka kwangu.

"Ni la kwangu," nikasema.

Nilieleza vibaya, maneno yakigongana. Nikatoa daftari langu mkobani, nikawaonyesha mhuri wa hindi niliopiga asubuhi, na samaki, na baiskeli, na mihuri mingine ya wenzangu. Kisha nikampigia Furaha wa ofisini na kufungulia spika. Mwenyekiti ndiye aliyemuuliza.

"Ndiyo, baba, niliandika mimi," akasema Furaha, na nyuma yake maji ya bomba yalisikika. "Ni mchezo wetu tu. Kwani kuna nini?"

Baba Furaha alinigeukia. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulistahimili. Alikuwa mtu ambaye hajalala siku tatu.

"Mtu mzima unaficha makopo porini," akasema. "Ili iweje?"

Aliniomba ukurasa wenye jina la binti yake. Nikauchana, nikampa, akauchoma palepale kwa kiberiti na kukanyaga majivu. Mwenyekiti akaniambia niondoe takataka zangu zote katika mtaa wake na nifike ofisini kwake Jumatatu kuandika maelezo. Kisha akawatangazia watu kwamba Mama Anyesi hana kosa. Wakaanza kutawanyika. Lakini mama mmoja aliyepita karibu yangu alimwambia mwenzake, bila kujificha, "Na huyo mbwa wamemfundisha." Wamemfundisha. Hakusema amemfundisha; bado alituhesabu mimi na Mama Anyesi pamoja.

Mama Anyesi alikuwa anafunga kuni zake. Nikainama kumsaidia, nikamwambia, "Nisamehe, mama."

Alikaza kamba kwanza. "Mwanangu, pale kwenye mti ulifika saa ngapi?"

"Nilikuwa ndiyo kwanza nafika," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Nikamtwisha mzigo, akashuka na njia ya mashambani, polepole, na watu waliokuwa mbele yake walikuwa wakigeuka kumtazama.

Nilirudi mjini kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Malori yalikuwa yamesimama foleni ndefu, madereva wanapika kando ya matairi. Shaba alichoka nikambeba. Nilimpa dagaa wote waliobaki, naye akala, hana habari.

Watu wangesema mambo yameisha vizuri, na kwa kweli hakuna aliyepigwa. Saa tisa nilimpigia mwenyekiti, akasema homa ya mtoto imeanza kushuka, amekunywa uji. Nimeshukuru. Lakini nikishashukuru nasimama tena, nazunguka nyumba. Kama kamba isingelegea, ningesema? Nimelijibu swali hili ndiyo, nimelijibu hapana, na majibu yote mawili nimeyatoa mimi huyuhuyu ambaye, mambo yalipokwisha salama na hakuna aliyenitishia, nilimdanganya mama wa watu usoni.

Na yeye anabaki kule. Mwenyekiti ametangaza kwa watu ishirini. Mtaa una watu wengi zaidi ya hao, na wengi watasikia nusu ya kwanza tu.

Nimemuuliza mwenyekiti Mama Anyesi anasali wapi, akaniambia. Nimempata mchungaji wa pale kwa simu, akanisikiliza mpaka mwisho. Amesema nitapewa nafasi kesho kwenye matangazo, baada ya sadaka. Kabla ya ibada nitapita nyumbani kwa Mama Anyesi nimwambie yeye kwanza, asije akasikia pamoja na watu. Akinifukuza, nitakwenda kanisani hivyo hivyo.

Nitataja jina langu. Nitasema kopo ni langu na bundi nilimchonga mimi. Kisha nitasema nilikuwa nimesimama pale kwenye mti tangu alipoulizwa mara ya kwanza.