Karani Aliyenuna

Kanyenye, Tabora

Kwako Xavery, huko Kaliua,

Mimi mzima, na kuku wetu wanataga. Benki kwetu alikuja mtafiti kupima tabia za wateja, basi meneja akaamuru makarani wote tutabasamu. Wateja wakaingiwa na hofu. Mzee mmoja, mkulima wa tumbaku, akasema, "Karani akikuchekea, ujue fedha zako zimeshaliwa." Foleni yote ikahamia dirishani kwangu, maana ni mimi peke yangu niliyenuna. Mtafiti akaandika kwamba uso wangu unajenga imani. Meneja naye kanipandisha cheo, niwafundishe wenzangu kununa!

Hakuna aliyeuliza kwa nini nimenuna. Wewe unajua. Tangu Pasaka unaahidi kuja kujitambulisha kwa baba.

Njoo Jumamosi. Cheo kipotee tu.

Wako mwenye sura ya kuaminika,
Advera