Mfupa Aliokabwa Nao Tomi

Baba Odeta,

Nimekwenda misa ya Krismasi na watoto. Chai iko kwenye birika. Mbwa wetu Tomi mwekee maji, na mifupa ya kuku usimpe tena! Alfajiri Tomi alikabwa, kidogo afe. Nimemtoa kooni mfupa wa paja la kuku.

Ila jogoo wetu bado kafungwa jikoni, anawika. Na jana uliondoka na Tomi, ukasema unakwenda Pasiansi kwenye mkutano wa uhuru. Uhuru gani huo unaopikiwa kuku?

~~Jogoo mchinje mapema.~~ Jogoo usimguse. Narudi na kaka yangu, atamchinja yeye. Na firigisi ya baba wa nyumba leo ataila Tomi. Wewe yako umeshapewa huko.

Mama Odeta